Vuli Ikikatika Malindi: Uilaze Bustani au Uendelee Kumwagilia?

Mvua za vuli zinapoanza kukatika mwezi wa Desemba, kila mwenye bustani ya mboga nyuma ya nyumba hapa Malindi huwa na uamuzi wa kufanya. Mbele yake kuna miezi mitatu ya kiangazi, upepo wa kaskazi na jua la Februari, mpaka mvua za mwaka, yaani masika, zirudi Aprili au, zikichelewa, Mei. Bamia bado zinazaa. Mchicha umeshaanza kutoa mbegu. Nyanya za mwisho zinaiva huku majani yakikauka kuanzia chini. Avune kilichopo, akaushe cha kukausha, aifunike ardhi na kuilaza hadi mvua? Au avute mpira wa maji aendelee?

Mara nyingi swali hili hujibiwa kwa tabia ya mtu: mwenye bidii huendelea, aliyechoka huacha. Mimi naona kinachostahili kuamua ni maji. Unayo kiasi gani, yana chumvi kiasi gani, na yanakufikaje. Nitasema mapema ninakoegemea: nyumba nyingi za Malindi, na karibu zote za Lamu mjini, zitafaidika zaidi zikilaza sehemu kubwa ya bustani na kubakiza kipande kidogo karibu na jiko. Lakini wapo ambao ushauri huo hauwafai, na nitawataja.

Hesabu ya maji

Tuta lenye mboga zilizokomaa, katika jua la Februari pwani, hunywa takriban lita 5 hadi 6 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 basi linataka lita 25 hadi 30, yaani kama mtungi mmoja na nusu wa lita 20, kila siku ya Mungu. Matuta mawili ya namna hiyo kwa siku 90 za kiangazi yatakunywia mitungi 225 hadi 270. Matandazo mazito hupunguza hesabu hiyo, hayaifuti. Zidisha kwa bei ya mtungi mtaani kwako, halafu ukamuulize mama muuza mboga fungu la mchicha ni shilingi ngapi. Anayenunua maji ya mkokoteni, kwa kawaida, atakuta anajiuzia mchicha ghali kuliko sokoni.

Mwenye bomba yuko katika hali nafuu. Maji ya Malindi hutoka kwenye visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, na ni matamu. Shida yake ni mgao: maji yakikosekana siku nne Februari, mchicha uliozoea kunywa kila jioni unalala chini, na ukiinuka umeshakuwa mgumu. Kwa hiyo mwenye bomba asipange matuta kwa kiasi cha maji ya siku njema. Apange kwa ukubwa wa tangi lake.

Mwenye kisima ana hesabu nyingine. Kwenye ardhi ya karibu na bahari, maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi. Ukiyavuta kwa wingi bila mvua kuyarudisha, chumvi hupanda kuyafuata. Ndiyo maana kisima kinachonyweka Novemba huweza kuwa na chumvi kufikia Machi. Lamu wanalijua hili vizuri, kwa kuwa maji ya mji yanategemea akiba iliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na kila anayejenga juu ya vilima vile anaigusa akiba hiyo.

Ulimi hupima chumvi vya kutosha kwa kazi hii. Maji usiyopenda kupikia chai usiyamwagie karoti, vitunguu wala maharage, maana hivyo vitatu huumia mapema kabisa. Nyanya huvumilia zaidi kidogo, na kunde huvumilia kuliko nyanya. Dalili shambani ni kingo za majani kuungua na kuwa za kahawia, na unga mweupe kuganda juu ya udongo pale maji yanapokaukia. Tena mtu akiona unga huo hupunguza maji akidhani anaiokoa mimea, kumbe kumwagilia kidogo kidogo ndiko kunakojaza chumvi: maji yanapanda hewani, chumvi inabaki. Kinachoisukuma chini ni maji mengi kwa mpigo mmoja, na mwenye maji mengi ya kufanya hivyo ni mvua za mwaka peke yake. Basi kama kisima chako kina chumvi, kulaza bustani hakukupi hasara yoyote. Unaipa ardhi nafasi ya kuoshwa.

Kuna maji mengine ambayo watu huyasahau kwenye hesabu, nayo ni maji ya kutawadhia. Hayana sabuni wala mafuta. Nyumba ya watu sita wanaotawadhia nyumbani mara tano kwa siku, hata kila mmoja akitumia lita 2 tu kila mara, inapitisha lita 60 kwa siku, ambazo ni mitungi mitatu. Rudi juu uangalie matuta mawili yanataka kiasi gani. Panga mawe na kijiko cha saruji mahali pa kutawadhia ili maji yaelekee kwenye mfereji mdogo, si kwenye shimo, na utakuwa umepata bustani ya jikoni isiyokugharimu mtungi hata mmoja. Yapeleke kwenye mizizi ya bamia, biringani, mpapai au mgomba, si juu ya majani yatakayoliwa mabichi. Maji ya kuoshea mchele na mboga yafuate njia hiyo hiyo. Ya kuoshea samaki, kama mmetia chumvi, yamwagwe kwenye mnazi.

Ukiendelea: faida na gharama zake

Faida ya kuendelea ni wazi. Januari na Februari mboga za majani huadimika, na mwenye tuta la mchicha hashikwi. Zaidi ya hapo, miaka hii Ramadhani inaangukia Februari, na kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 10 au 11 inazidi kusogea kuelekea Januari. Yaani mwezi ambao nyumba zetu hupika zaidi ndio mwezi ambao bustani zetu zimekauka kabisa.

Lakini usiendelee na kila kitu. Nyanya ndizo zinazowatesa watu zaidi. Maua ya nyanya hushindwa kushika tunda usiku ukiwa na joto, na Malindi mwezi wa Machi usiku mara nyingi haushuki chini ya nyuzi 24. Utaona mche umependeza, una maua tele, halafu asubuhi maua yako chini, yamekatika pale penye kifundo cha kikonyo. Hakuna mbolea itakayoyashikilia. Maji yanayoingia kwenye mche huo yangelisha bamia watatu. Pilipili hoho hufanya vivyo hivyo, ingawa pilipili kali ndogo hustahimili zaidi. Kabichi na sukumawiki hupona kama zina kivuli, lakini hazina ladha na vidukari huzimaliza.

Vinavyostahili maji yako ya kiangazi ni hivi: mchicha, bamia, biringani, majani ya kunde, matembele, na mnavu pale penye kivuli cha asubuhi au jioni. Matembele nayapenda kuliko yote. Kipande cha mashina ya kiazi kitamu karibu na bomba la nje hutoa mboga kiangazi kizima, na kila ukikata yanachipua.

Gharama ya pili ya kuendelea haionekani kwenye bili ya maji. Mtaa ukishakauka, bustani yako ya kijani inakuwa karamu pekee iliyobaki. Nzi weupe, vidukari na utitiri mwekundu huhamia kwako, na utitiri hasa hustawi kwenye joto na ukavu. Geuza jani la biringani: ukiona vumbi jekundu linalotembea na utando mwembamba, ndio wenyewe. Nyunyizia maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi mapema, siku tatu mfululizo, ukate na majani yaliyozidiwa. Ukishindwa kwenye mche mmoja, ung'oe uokoe mingine.

Jinsi ya kumwagilia nayo hubadilisha ulinganisho wote. Mpira unaorusha maji saa sita mchana unamwagilia upepo wa kaskazi. Mtungi wa udongo usiopakwa rangi wala kung'arishwa, uliozikwa hadi shingoni katikati ya mimea minne na kufunikwa kwa kifuu, huvuja polepole kulingana na kiu ya udongo, na mizizi huufuata ikauzunguka. Unaujaza kila baada ya siku mbili au tatu. Mitungi ya kufinyangwa na akina mama wa Kigiriama bado inapatikana sokoni, na hata uliovunjika shingo unafaa. Chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo na kupachikwa kichwa chini ni ya bei rahisi zaidi, ila tundu huziba kwa mchanga na kulizibua ni kazi ya kila wiki. Nikipewa hiari, nachukua mtungi.

Ukilaza: njia tatu

Kulaza si kuacha. Udongo ulioachwa wazi chini ya jua la Februari huungua, mboji yake hupotea, na kaskazi huchukua kilicho chepesi. Bustani iliyoachwa hivyo huanza Aprili ikiwa maskini kuliko ilivyokuwa Desemba. Kulaza ni kufunika, na kuna njia tatu za kufunika.

Ya kwanza ni matandazo, na hapa pwani tuna kitu ambacho wengi wanakitupa au kukichoma: makumbi. Kumbi la nazi hunyonya maji mara kadhaa ya uzito wake na kuyaachia polepole. Yakitandazwa juu ya tuta yanakaa kiangazi chote na hata mwaka wa pili. Namna ya kuyaweka ina maana. Ukiyazika kwenye mfereji chini ya mimea, tumbo liangalie juu ili yashike maji. Ukiyatandaza juu ya ardhi, mgongo uangalie juu, kwa sababu kumbi lililo wazi juu hudaka maji ya mvua ya ghafla na kulea mbu, na homa ya dengi imeshaitembelea pwani hii zaidi ya mara moja. Vifuu visitandazwe kabisa. Makumbi mabichi yalowekwe kwanza au yanyeshewe mvua moja, maji ya kahawia yatoke.

Makuti mazee yaliyoshushwa paani nayo yanafaa, na majani ya mgomba, na nyasi zilizokatwa kabla ya kutoa mbegu. Mabua ya mahindi ni ya mwisho kwenye orodha yangu, kwa sababu ya mchwa. Kitu kikavu na laini juu ya ardhi kavu kinawaita, na wakimaliza mabua wanahamia kwenye mashina ya mipapai. Popote kwenye mchwa, acha nafasi ya kiganja kimoja kati ya matandazo na shina la mmea wowote uliobaki, na uinue matandazo kila wiki kutazama. Chini ya matandazo weka samadi kabla hujafunika. Watu wa Lamu hawana haja ya kutafuta mbali: samadi ya punda iko kila uchochoro. Tatizo lake ni mbegu za magugu, kwa hiyo ilundikwe, iloweshwe, igeuzwe na kuachwa miezi mitatu. Ukiilundika Septemba, Desemba iko tayari.

Njia ya pili ni kuufunika udongo kwa mmea ulio hai, kunde zinazotambaa au viazi vitamu. Ni nzuri sana na ina sharti moja: zipandwe mvua ya vuli ikiwa bado inanyesha, Oktoba au Novemba mapema, ili mizizi iwe imeshuka kabla ya ukavu. Ukizikumbuka Desemba umechelewa, rudi kwenye makumbi.

Njia ya tatu ni ya mwenye tatizo maalumu. Ng'oa mche wa bamia au nyanya uliodumaa utazame mizizi. Ikiwa na vivimbe kama shanga zilizotungwa ovyo, una minyoo fundo, na kwenye udongo wetu wa mchanga hiyo ni kawaida. Kuilaza bustani chini ya makumbi peke yake hakutaitoa. Hapa jua la kiangazi linakuwa dawa: safisha tuta, lilainishe, limwagilie mpaka maji yashuke chini, kisha lifunike kwa plastiki inayopitisha mwanga, uzike kingo zake pande zote kwa udongo, na uliache wiki nne hadi sita kati ya Januari na Machi. Plastiki nyeusi haifai kwa kazi hii, kwa kuwa hujipasha yenyewe na kuuacha udongo wa chini bila joto la kutosha. Joto lililonaswa chini ya plastiki angavu huua minyoo iliyo juu, mbegu za magugu na maradhi mengi ya mizizi. Minyoo ya chini zaidi hubaki, kwa hiyo msimu unaofuata usirudishe bamia, nyanya wala biringani mahali hapo, panda mahindi.

Mavuno ya mwisho: ukaushe, utie achari, au uache ardhini?

Anayelaza bustani anahitaji ghala, na hapa njia zinatofautiana kulingana na chakula chenyewe.

Kunde, pojo na mbaazi hukaushwa, hilo halina mjadala. Hatari yake ni fukusi. Mayai yao huingia na mavuno kutoka shambani, na usipofunga vizuri Februari utapepeta unga na maganda matupu. Njia isiyotaka dawa ni kuwanyima hewa: kausha sana, jaza chombo pomoni, kifunge pasipite hewa, na usikifungue miezi miwili. Wadudu humaliza hewa iliyomo wakafa. Mifuko ya tabaka tatu inayouzwa madukani leo kwa ajili ya nafaka ilianza kwa kunde huko Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa mavuno ya bustani, mfuko huo ni mkubwa mno. Chupa za maji za plastiki zilizokauka kabisa, zenye vifuniko vinavyobana, zinatosha, nawe unafungua moja moja kadiri ya mapishi.

Kukauka kwenyewe kupimwe. Hewa ya bahari hudanganya, punje inaonekana kavu kumbe usiku imerudi kunywa unyevu. Chukua chupa ya kioo kavu, tia kunde au mahindi kiasi cha theluthi, ongeza chumvi kidogo uliyoikaanga na kuipoza, maana chumvi ya huku nayo hunyonya maji. Tikisa dakika moja na zaidi, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha punje juani. Ikishuka yote chini, funga. Na chochote unachokausha kiingizwe ndani kabla ya magharibi.

Majani, yaani kunde na mchicha, huchemshwa dakika chache, yakakamuliwa na kukaushwa kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali huharibu vitamini A iliyomo. Wakati wa kupika yatiwe tui, mafuta ya nazi ndiyo huusaidia mwili kuipokea vitamini hiyo. Kwa maoni yangu mboga kavu ya majani ni ya nyumba isiyo na kipande chochote cha kumwagilia. Mwenye matembele kando ya bomba asijisumbue.

Nyanya nisingezikausha Malindi. Zina maji mengi na hewa yetu ina unyevu, zinavunda kabla hazijakauka. Zipike rojo, ugandishe kama una friza, au ugawie majirani.

Embe, ndimu na pilipili ni mali ya achari. Maembe yetu huja wakati ule ule kaskazi inapoanza, na upepo ule mkavu ndio rafiki wa achari. Ngowe mchanga, kabla hajalainika, hukatwa vipande, akatiwa chumvi, akaanikwa juu ya dari, yaani paa bapa la nyumba, kwa siku kadhaa kabla ya kuingia kwenye viungo. Achari haijazi tumbo, na kwa mwenye shinikizo la damu chumvi yake ni ya kuhesabiwa. Kazi yake ni kuutia ladha wali na mbaazi wakati hakuna kitu kibichi cha kuweka pembeni. Tumia chupa za kioo zenye vifuniko visivyo vya bati, maana vya bati huliwa na chumvi na hewa ya bahari.

Muhogo una ghala lake tayari, nalo ni ardhi. Kibandameno, muhogo mtamu wa pwani, ikikomaa unaiacha pale pale, unachimba shina moja la futari leo na jingine kesho kutwa. Ukishauchimba muhogo huanza kuwa na michirizi myeusi ndani ya siku mbili au tatu, basi usichimbe wote kwa sababu tu mvua imeisha. Ukiacha mno, hata hivyo, unakuwa na nyuzi. Muhogo mchungu usiujaribu kwa kuanika makopa haraka haraka, kwa sababu jua peke yake halitoi sumu yote. Huo una taratibu zake za kulowekwa, na asiyezijua asiupike. Viazi vitamu havikai ardhini vizuri hivyo, maana udongo ukipasuka fukusi wa viazi huingia kwenye nyufa. Vichimbwe.

Ushauri unaotoka nchi za baridi

Wengi wetu tunasoma mambo ya bustani mtandaoni, na mengi yameandikwa na watu wa Uingereza, Kanada au kaskazi ya Marekani, ambako bustani hufungwa mwezi wa Oktoba kabla ya jalidi, yaani umande unaoganda kwa baridi. Inafaa kujua kipi kinasafiri hadi Malindi na kipi hakisafiri.

Kufunika udongo kwa majani makavu kunasafiri, ingawa wao wanaikinga ardhi isigande na kupasuka na sisi tunaikinga isiungue. Kuweka mboji kabla ya msimu mfu nako kunasafiri. Kuacha karoti ardhini hakusafiri: kule baridi huifanya karoti igeuze wanga wake kuwa sukari, kwa hiyo inayochimbwa baada ya jalidi ni tamu zaidi. Hapa karoti iliyoachwa kiangazi inakuwa kuni. Kitunguu saumu wao hukipanda Oktoba kwa sababu kinahitaji wiki za baridi ili kigawanyike vitumba. Ukikipanda Malindi utapata majani ya kutia kwenye mchuzi, si kichwa. Maboga wao huyaanika wiki moja au mbili ganda ligumu kisha huyahifadhi penye ubaridi miezi mingi. Sisi tuyaanike vivyo hivyo, tukiacha kikonyo kirefu, lakini tuyale mapema, maana ubaridi huo hatuna.

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote ni wadudu. Majira yao ya baridi huua au kulaza wadudu wengi bila mtu kunyanyua jembe. Kwetu hakuna likizo hiyo. Mabaki ya nyanya na biringani yaliyoachwa yamesimama Januari ni nyumba ya nzi weupe mpaka Aprili, kwa hiyo anayelaza bustani ang'oe mabaki yote na kuyatia kwenye lundo la mboji linalochemka, na yenye vivimbe mizizini yachomwe.

Basi, wewe uchukue ipi?

Ukiwa Malindi mjini, una bomba na tangi: endelea na tuta moja, mawili ukipitisha maji ya udhu, la mchicha, bamia na matembele. Mengine yalaze chini ya makumbi. Nyanya zing'oe mwishoni mwa Desemba bila huruma.

Ukiwa upande wa Gede au Msabaha, una shamba na udongo mwekundu unaoshika maji kuliko mchanga wa ufukweni, na kisima kitamu: wewe ndiye unayeweza kuendelea kwa upana, na soko la Januari litakulipa. Nakushauri tu ugawe shamba mara mbili, nusu ifanye kazi kiangazi hiki na nusu ilale, mwakani zibadilishane. Kama kuna minyoo fundo, nusu inayolala ndiyo iende chini ya plastiki.

Ukiwa ukingoni mwa Sabaki, mto ukishuka huacha udongo mpya, na majirani wanaulimia pale pale. Maji si tatizo lako. Tatizo lako ni viboko usiku na mafuriko mvua zikirudi, kwa hiyo panda vya muda mfupi, mchicha na kunde za majani, vilivyokwisha kuvunwa kabla ya Aprili, na usizike mitungi huko.

Ukiwa karibu na ufuo na kisima kina chumvi: laza yote. Bakiza muhogo ardhini, funga kunde kwenye chupa, na maji matamu utakayoyapata yapeleke kwenye mche mmoja wa ndimu na shina la matembele.

Ukiwa Lamu mjini, una kiwanda cha ndani, yaani ua ulio katikati ya nyumba, na dari, huna shamba. Kiwanda kina kivuli cha kuta ndefu, na kivuli hicho ni mali kiangazi. Makopo ya mnavu, mchicha na pilipili kali yakae mahali jua la asubuhi linapofika na la mchana halifiki, yawe na samadi ya punda iliyooza na vumbi la makumbi ndani yake ili yasikauke upesi. Dari itumike kwa kazi inayoiweza, yaani kuanika. Wenye jabia au tangi la mvua visiwani, pimeni kina chake kwa fimbo mwisho wa Desemba, mgawanye kwa siku zilizobaki hadi katikati ya Aprili, mtoe kwanza ya kunywa na kupikia. Bustani ipate kinachobaki, na kama hakibaki kitu, makopo yapumzike hadi mvua.